Ndege wa Delta ya Tana na Deni la Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitungia sentensi na kuijibia maswali ya mtihani. Hata hivyo, ni wangapi miongoni mwetu, wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya, wanaoweza kuutazama ubawa mmoja ukipita juu ya maji wakasema ni wa ndege gani, ametoka wapi, na kwa nini amefika mwezi huu wala si mwezi uliopita? Nakiri mapema kwamba mimi sikuwa miongoni mwao. Makala haya yametokana na kutojua huko, na yananuia kuwashawishi wenzangu kwamba utazamaji wa ndege katika ardhioevu za mito yetu ni kazi inayomhusu mwanafunzi wa Kiswahili, tena kazi ambayo tumechelewa kuianza.

Nitaeleza kilichonifikisha hapa. Mwezi wa Januari wa mwaka mmoja, nilisafiri na wenzangu watatu hadi Garsen, katika Kaunti ya Tana River, kwa nia ya kukusanya masimulizi ya fasihi simulizi. Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa Kipokomo, mkulima wa mpunga na mvuvi, aliyetuchukua kwa mtumbwi wake alfajiri moja ili tuione delta kabla jua halijawa kali. Katika matete ya ukingoni alituonyesha ndege mdogo wa rangi ya kahawia, aliyekuwa akirukaruka kutoka unyasi mmoja hadi mwingine huku akilialia kwa sauti ya kukwaruza.

“Wanangu,” akatuuliza, “huyu katika Kiswahili chenu cha chuo kikuu anaitwaje?”

Tulitazamana. Hatimaye mwenzetu mmoja akajibu, “Huyo ni ndege, mzee.”

“Hata kuku ni ndege,” akasema, akacheka, nasi tukacheka pamoja naye. Kisha akamtaja yule ndege kwa Kipokomo, akaongeza kuwa hafiki mpaka kaskazi ishike, na kwamba masika yakikaribia hamwoni tena. Tulikuwa na madaftari mkononi. Tulikuwa tumekuja kuandika ngano na vitendawili, na jina la ndege halikuonekana kuwa fasihi. Hakuna aliyeliandika. Tuliporejea Garsen miaka miwili baadaye, mwezi wa Julai, tuliambiwa kuwa mzee yule amekwisha kufariki. Ngano zake ninazo hadi leo. Jina lile sinalo.

Hebu sasa tuitazame delta yenyewe, kwani asiyeijua hawezi kuona uzito wa jina moja. Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, takriban kilomita 1,000, nao huanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapinda nyikani, ukamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kabla ya kuifikia bahari hujigawanya na kutanda, ukazaa maziwa madogo, mabwawa, malisho, misitu ya kando ya mto na mikoko. Mwaka wa 2012 eneo la hekta 163,600 liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa la sita nchini baada ya Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo na Elementaita. Wapokomo hulima na kuvua humo, na Waorma na Wardei huyaleta mifugo yao malishoni wakati nyika inapokauka.

Anayetaka kuwaelewa ndege wa delta hana budi kuanza na pepo. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kujiona yuko nyumbani, maana lugha yetu ina kalenda kamili ya pepo na mvua: kaskazi, tangambili, masika, kusi, kipupwe, demani na vuli. Maneno haya hatukuyaazima darasani. Yalibuniwa na mabaharia, wavuvi na wakulima ambao maisha yao yalitegemea kujua upepo utageuka lini. Kalenda iyo hiyo ndiyo wanayoifuata ndege.

Vuli inapoanza, kuanzia mwezi wa Oktoba, wageni wa kaskazini huanza kuwasili. Mbayuwayu kutoka Ulaya na Asia hujaza anga. Chamchanga na sululu, waliozaa katika nchi za baridi, hutua matopeni na kuanza kudonoadonoa. Keremkerem wekundu hushuka kutoka kaskazini na kuipamba pwani mpaka mwezi wa Machi. Mwezi wa Novemba na Disemba hupita kozi wa Amur, ndege mdogo wa jamii ya kipanga, anayezaa mashariki ya mbali ya Asia, akapitia India na kuivuka Bahari ya Hindi kwa kusaidiwa na upepo hadi Afrika ya Mashariki na kuendelea kusini. Nani asiyeiona njia hii? Ndiyo njia ya majahazi yaliyotuletea vitambaa, vyungu na maneno. Tunafundishwa kwamba kaskazi ilimleta mfanyabiashara na kusi ikamrudisha. Hatufundishwi kwamba juu ya tanga la jahazi lile alikuwa akipita msafiri mwingine, mwenye uzani mdogo kuliko kikombe cha maji, aliyeujua upepo kabla ya nahodha.

Miongoni mwa wageni wa kaskazi yupo mmoja ambaye kisa chake hunifikirisha sana. Ni ndege mdogo wa kahawia, mkaaji wa matete, anayejulikana na wataalamu kwa jina la mji wa Basra. Huzaa hasa katika ardhioevu za kusini mwa Iraki, mahali inapokutana mito ya Tigris na Euphrates, na msimu wa baridi huutumia Afrika ya Mashariki, delta ya Tana ikiwa mojawapo ya makao yake. Katika miaka ya 1990 serikali ya Saddam Hussein ilizikausha ardhioevu zile ili kuwaadhibu wakazi wake. Mwaka wa 2001 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao makuu papa hapa Nairobi, lilieleza kuwa takriban asilimia 90 ilikuwa imekwisha kutoweka. Baada ya 2003 wakazi walianza kuzibomoa kingo na kuyarudisha maji. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini ngama ya ndege huyu ina pande mbili, moja Iraki na nyingine Tana, na upande wowote ukikauka amekwisha. Kila ninapomkumbuka ndege aliyeonyeshwa kwetu na mzee wa Garsen hujiuliza kama alikuwa ndiye huyu. Jina alilolitaja lingeweza kunisaidia kujua.

Mwezi wa Machi upepo hulegea, tangambili ikaingia, na wageni wa kaskazini wakaondoka mmoja mmoja. Mvua za masika zinyeshazo milimani huujaza mto, na kati ya Aprili na Juni maji hufurika na kuitandaza delta. Kwa mwenye nyumba isiyo na kilima furiko ni balaa, na hakuna Mkenya aliyeyasahau mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya 2024. Hata hivyo, furiko la kadiri ndilo linalorutubisha shamba la mpunga, likazalisha samaki na kuotesha nyasi za malisho. Ndilo pia linalowaruhusu ndege wa majini kuzaa. Katika miaka ambayo maji yametosha, kulastara, yangeyange, kwarara na jamaa zao hujenga viota kwa maelfu katika miti iliyozingirwa na maji, na delta hii ni miongoni mwa mahali pachache sana nchini ambapo ndege hao huzaa kwa pamoja namna hiyo. Maji yanayozunguka mti ndiyo ngome ya kiota. Yakipungua mapema, nyani na nyoka hupanda, na msimu mzima ukapotea.

Kusi inaposhika, wageni hubadilika. Sasa huja wa kutoka kusini-mashariki, kisiwani Madagaska. Yupo ndege mwenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, anayekaa kwa makundi kwenye fungu za mchanga za midomo ya mito ya Sabaki na Tana. Yupo pia kulastara wa Madagaska, ambaye kwao wakati wa kuzaa huwa mweupe pepe, na huku kwetu huwa amevaa vazi la kahawia lenye michirizi, hata mtu akamchanganya na kulastara wa kienyeji. Wote wawili idadi yao imepungua na wamo katika hatari. Tuliporudi Garsen mwezi ule wa Julai, kipupwe kikivuma, matete yalikuwa yale yale lakini wakazi wake walikuwa wengine kabisa. Ndipo nilipofahamu kwamba kuitembelea delta mara moja na kudai umeiona ni sawa na kusoma sura moja ya riwaya na kuandika uhakiki.

Wapo watakaosema kwamba utazamaji wa ndege ni starehe ya watalii na ya wenye darubini za bei ghali. Dhana hii ina makosa. Mkulima wa mpunga hulitazama kundi la kwelea tangu lingali mbali kama wingu, kwa sababu likitua shambani atakosa mavuno. Mvuvi huwatazama mnandi na mwari ili ajue samaki wamehamia wapi. Mchungaji huwaona yangeyange wakifuatana na ng'ombe wake na kujua panzi wameamka. Hawa ndio watazamaji wa ndege wa kwanza wa nchi hii, na maarifa yao yamehifadhiwa katika majina, misemo na nyimbo. Tofauti kati yao na mtaalamu ni kwamba mtaalamu ameandika. Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ndege wahamao usiku wamekuwa wakinaswa na kuvishwa pete tangu mwaka wa 1969, nao wamefikia mamia ya maelfu. Makavazi ya Taifa pamoja na shirika la Nature Kenya yameendesha hesabu ya ndege wa majini kila Januari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kazi hizi ni za kupongezwa. Lakini fomu zake hujazwa kwa Kiingereza na Kilatini, nasi wa Kiswahili hatujawahi kujitokeza na daftari letu.

Matokeo yake yamo katika kamusi zetu. Aghalabu ndege hufasiliwa kwa maneno machache: aina ya ndege wa majini mwenye miguu mirefu. Fasili hiyo inamfaa korongo, inamfaa kulastara, inamfaa yangeyange, na hata heroe hawezi kuikataa. Ndege wahamao, ambao nusu ya mwaka huishi kwetu, wengi hawana jina lolote lililosajiliwa. Kenya ina zaidi ya spishi 1,000 za ndege. Msomi wa Kiswahili akiulizwa ataje hamsini, atatokwa na jasho baada ya kunguru, bundi na njiwa.

Je, kuna hasara gani? Hasara ya kwanza ni ya kisheria. Mwaka wa 2008 kulikuwa na mpango wa kuligeuza eneo la hekta zipatazo 20,000 za delta kuwa shamba la miwa, na mipango mingine ya mashamba makubwa ikafuata. Wakazi na watetezi wa mazingira walikwenda mahakamani, na mwaka wa 2013 Mahakama Kuu iliagiza mpango wa matumizi ya ardhi ya delta utayarishwe kwa kuwashirikisha wakazi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, inailazimu serikali kuhimiza ushiriki wa umma katika usimamizi wa mazingira. Na kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Katika baraza la hadhara, mwananchi wa Garsen atazungumza Kiswahili. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira iliyo mezani imeandikwa kwa Kiingereza. Mzee akisema kwamba ndege fulani akikosa kuja ni dalili kuwa maji ya chini yamepungua, mkalimani atatafsiri nini ikiwa Kiswahili chake kina neno moja tu, ndege? Ushahidi wa miaka sitini utaandikwa katika kumbukumbu za kikao kuwa mzee alizungumza kuhusu ndege.

Hasara ya pili inahusu maji yenyewe. Kati ya mwaka wa 1968 na 1988 mabwawa matano ya umeme yalijengwa sehemu za juu za Mto Tana: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Mabwawa haya yanatupa umeme, na sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Ndakaini, katika tawi mojawapo la mto huo huo. Sisemi yabomolewe, ninaandika makala haya chini ya taa. Lakini tangu yajengwe, furiko la masika halina nguvu iliyokuwa nayo, na anayejua furiko lilivyokuwa kabla ya Masinga kujazwa mwaka wa 1981 ni mtu mzima. Kumbukumbu ya wapi korongo walizaa, mwezi gani, na maji yalifika mti gani, imo vichwani mwa wazee. Wanasayansi wakitaka kujua mto uachiwe maji kiasi gani ili delta iishi, kumbukumbu hiyo ina thamani. Inazikwa mmoja mmoja.

Najua pia pingamizi zito kuliko hili la starehe. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta hiyo katika mapigano kati ya jamii za wakulima na za wafugaji. Mtu anaweza kuniuliza, kwa haki kabisa, inakuwaje nizungumzie majina ya ndege mahali palipomwagika damu ya binadamu. Jibu langu ni kwamba chanzo kimojawapo cha uhasama ule ni maji na malisho, na ndege ndio wanaotangulia kutuonyesha hali ya maji na malisho. Aidha, mkulima na mchungaji wanamtazama yangeyange yule yule. Sijui mkutano ulio rahisi zaidi kuuitisha kuliko ule wa wazee wa pande zote mbili kuulizwa majina ya ndege wanaowafahamu wote, kila mmoja kwa lugha yake. Sidai kwamba mkutano huo utaleta amani. Nadai kwamba una mwaliko ambao hakuna atakayeuogopa.

Wengine watashauri kwamba tukae ofisini tubuni istilahi, tutafsiri majina ya Kiingereza, kazi iishe. Njia hii ni ya mkato nayo itatuletea majina yasiyo na mwenyewe. Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Pamoja na lugha za Wamijikenda na za Wangazija vimo katika kundi moja la Kisabaki. Wimbo wa taifa letu ulitokana na bembezi ya akina mama wa Kipokomo. Mapokeo yetu yanamweka Fumo Liyongo, shujaa wa tendi zetu, katika nchi hii hii ya Ozi na Kipini. Ikiwa tuliweza kuchukua kutoka Tana wimbo wa kusimamia na shujaa wa kujivunia, kwa nini tusichukue jina la ndege kabla ya kulibuni? Panapokosekana kabisa, hapo ndipo tubuni, tena tukiwa tumeketi na wenyewe.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, chama chetu kiandae safari mbili kila mwaka kwenda ardhioevu moja, ya kwanza wakati wa kaskazi na ya pili wakati wa kusi, kwa kuwa msimu mmoja hautoshi. Wenzetu wa vyuo vya Magharibi wanaweza kuanza na kinamasi cha Yala, palipo na mafunjo na ndege wasioishi pengine popote ila katika mafunjo. Pili, kila safari iwashirikishe wanafunzi wa biolojia, ili jina la kienyeji liwekwe kando ya jina la kisayansi bila kubahatisha. Sisi tutaleta sikio, wao watalete darubini. Tatu, orodha zitakazopatikana zichapishwe katika jarida hili, pamoja na mahali, mwezi na lugha, kisha nakala zirudishwe kwa wazee waliotufundisha. Kazi hii haihitaji mfadhili mkubwa. Inahitaji nauli, daftari na unyenyekevu wa kuulizwa swali usiloweza kulijibu.

Bandu bandu huisha gogo. Delta haitakauka siku moja, na lugha haipotezi majina yake yote usiku mmoja. Hupungua ndege mmoja msimu huu, mzee mmoja msimu ujao, mpaka anayekuja nyuma akadhani hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku zote. Mimi nimekwisha kupoteza jina moja, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu kalamu nilikuwa nayo. Mwenzangu utakayesafiri kaskazi ijayo, ukionyeshwa ndege mdogo wa kahawia katika matete ya Garsen, tafadhali uliza anaitwaje, kisha uandike.